Anayekunywa Kwanza

Karoya tumemzika mwaka huu, mto ulipoanza kushuka. Tumemkunja ndani ya ngozi ya ng'ombe, magoti kifuani, bila jeneza wala jina, jinsi watu wa Kushi wanavyolazwa. Baadhi ya wanawake waliguna. Niliwaambia anayetaka kuguna akagunie kwao, maana mimi ndiye niliyeachiwa maagizo, na mimi ndiye niliyekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tukiwa na meno yote. Sasa namsimulia, kwa sababu watu wameanza kumgeuza mchawi, na mchawi hakuwa.

Muelewe kwanza jambo la maji. Kijijini kwetu hakuna kisima. Sijui aliyeamua mafundi wa makaburi wajengewe nyumba humu ndani ya vilima vya Magharibi alidhani tunakunywa vumbi. Maji hupandishwa na punda kutoka bondeni, yanamiminwa kwenye birika la mawe langoni, kisha kila nyumba inachota fungu lake, na fungu likiisha limeisha. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya kata moja ya maji.

Karoya aliletwa huku mdogo. Baba yake alikuwa mpiga upinde wa Kushi, mlinzi wa njia za makaburini, akafia huku huku, akamwachia bintiye ngozi moja, upinde uliokatika kamba, na ulimi uliokataa nusu ya majina yetu. Mimi naitwa Wabeti. Yeye aliniita Webe mpaka siku ya mwisho, nami nilichoka kumsahihisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana chale mashavuni. Watoto wa mtaani walimwimbia, "Mkushi, Mkushi, chuma tini bila ngazi!" Naye aliwajibu kwa maneno ya kwao, kwa sauti tamu kabisa, na hadi leo hatujui alikuwa akiwabariki au akiwatukana mama zao. Nadhani alitutukana.

Mumewe aliitwa Kaha, mchora majeneza. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa fundi yeyote hapa, lakini alikuwa mwoga kama kunguru. Akidhulumiwa kitu karakanani, Karoya ndiye aliyekwenda kukidai. Walipendana, hilo nalisema wazi, maana wapo waliosema Kaha alimchukua Mkushi kwa kuwa binti za watu walimkataa. Nilikuwa nawasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta, wakati mimi na mzee wangu tumelala kila mtu kampa mwenzake kisogo. Niliwaonea wivu.

Walipata mtoto mmoja tu, msichana. Walimwita Tamiti, yaani paka jike, na paka alikuwa kweli. Hakuna paa lililomshinda kupanda. Sato wangu niliowapasua na kuwaanika juu kwa mikono yangu, nikipanda kuwageuza nakuta miiba.

"Karoya! Njoo umchukue mwizi wako huku!"

"Mwizi gani, Webe? Paka wangu yupo hapa, amelala."

"Amelala na samaki wangu tumboni!"

"Basi nyamaza, shoga, utamwamsha ataumwa tumbo."

Ndivyo tulivyoishi, kwa kelele, na nilimpenda yule mtoto kuliko wengine niliowazaa mwenyewe. Wanangu wanajua, wameshanisamehe.

Homa ilimchukua Tamiti wakati wa joto, mto ukiwa chini kabisa. Ilimpanda asubuhi, na tangu ilipompanda hakusema neno jingine ila maji. Punda siku hiyo walichelewa. Nilitoa yangu, majirani wakatoa yao, akanywa yote, na midomo ikaendelea kupasuka mbele ya macho yetu. Alikufa akiomba maji. Sisi huku mtu akifa tunajipaka tope kichwani, tunapiga mayowe hadi ng'ambo ya mto wasikie. Karoya hakufanya hayo. Alikaa kimya, ameshika kikombe kitupu, na nilipojaribu kukitoa mkononi mwake vidole vilikataa kufunguka.

Siku ileile wakagombana juu ya maziko.

"Nipe ngozi ya baba," alisema Karoya. "Nimkunje alale kama alivyozoea kulala."

"Mwanangu hafungwi kwenye ngozi kama jibini," Kaha alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpandishia mkewe sauti. "Nimewachorea watu majeneza maisha yangu yote, mwanangu akose? Atakuwa na jeneza lenye jina lake. Lenye macho ya kutazamia jua."

"Ubao utatoa wapi? Nafaka yenu ya ujira haijaja, karakana nzima mnakula deni."

"Nitapata."

Na kweli alipata. Alivuka ng'ambo, akarudi na jeneza dogo la mkuyu, jekundu na la manjano, macho mawili ubavuni, maua ya yungiyungi kuzunguka. Lilikuwa zuri hadi wanawake waliacha kulia wakalitazama. Tulimlaza humo, tukamshusha kwenye shimo la watoto pale mteremkoni, na Kaha akatembea kurudi nyumbani amenyoosha shingo kidogo, maskini, kama baba aliyetimiza lililo lake.

Tangu hapo Karoya alikuwa na haja moja tu duniani, mtoto wake asione kiu tena. Nyingine zote alizitupa. Kila siku ya mapumziko, wakati wanaume wameshuka kutoka makaburini wanalala, yeye alichukua sehemu ya fungu lake la maji akapanda mteremkoni. Maji ya wafu hayamwagwi kimya. Unataja jina, unamimina, unataja tena. Asiyetajwa hanywi. Alitaja jina la bintiye kwa ule ulimi wake mzito, Tamiti, Tamiti, na siku hizo aliporudi uso ulikuwa umetulia.

Kisha mtoto akaanza kumjia ndotoni.

Aliniambia tukiwa tunasaga, asubuhi, kila mmoja kwenye jiwe lake. Aliniambia bila kuacha kusaga.

"Tamiti amekuja."

"Ah! Amesemaje?"

"Midomo yake mikavu, Webe. Imepasuka kama siku ile. Namuuliza, mwanangu, si nimekuletea maji? Ananiambia, mama, babu anakunywa kwanza."

Niliacha kusaga mimi. "Babu gani?"

"Sijui. Baba yangu ana kaburi lake kule kwa wapiga upinde, na baba yake Kaha bado yu hai anatafuna vitunguu."

"Ndoto hiyo, mwenzangu. Umekula nini jana?"

"Maneno yako," akasema, na kuendelea kusaga.

Akaongeza maji. Alinyima chungu, akajinyima mwenyewe. Tukila dengu zake ziligonga meno kwa kukosa maji ya kutosha. Lakini mtoto alikuja tena, na tena, neno lilelile, babu anakunywa kwanza, na kila akija alikuwa amekauka zaidi. Karoya akakonda. Alianza kuogopa kulala, na wakati huohuo akawa anatamani kulala. Nilimwona akisinzia ameshika mchi, akatabasamu, kisha akashtuka.

Nikasema yatosha, nitakwenda naye nione kuna nini. Msinidhanie shujaa. Nilikwenda kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na hakika mbwa mwitu amechimba, au mlinzi fulani mvivu anakunywa maji ya mtoto wa watu.

Jua lilikuwa utosini. Mteremko ule mchana hauna kivuli hata cha mjusi, kila jiwe unaliona, na mtu hana pa kujificha. Hapakuwa na nyayo za mbwa. Hapakuwa na mlinzi karibu. Karoya akapiga magoti, akataja jina, akaanza kumimina taratibu juu ya mchanga.

Nami nikasikia kumeza.

Sikusikia mchanga ukifyonza. Sauti ya mchanga naijua. Ilikuwa koo, koo zito la mwanamume mtu mzima, anakunywa kwa pupa, gudu, gudu, gudu, akipumua puani katikati. Ilitoka chini ya magoti ya Karoya. Maji yakaisha mtungini na sauti ikaisha, kisha kukawa na kimya kidogo, na ndani ya kimya kile mtu akapiga mbweu.

"Umesikia," Karoya aliniambia. Hakuuliza.

Nilitaka kusema sijasikia. Nywele za mikono zilikuwa zimesimama na jua kali namna ile, na meno yanagongana kama ya mtu aliyelala nje wakati wa baridi. Nikamvuta mkono tukashuka.

Siku zilizofuata nilikaa kwao zaidi kuliko kwangu. Nilimwambia amweleze Kaha, akakataa. Kaha alikuwa akijivunia lile jeneza, ndilo pekee lililomfanya anyanyue kichwa. Lakini ndoto iliyofuata ilikuwa na jambo jipya, na hakuweza kulimeza. Alimwambia tukiwa tunakula, mimi nikiwepo.

"Tamiti ananiambia yule babu hamfanyii ubaya. Anamwambia tu, jisogeze mtoto, umenilalia miguuni."

Kaha alikuwa amemega mkate. Mkono ukabaki hewani.

"Miguuni?" akasema. "Amesema miguuni?"

Uso wake ulimparama kabisa. Tulimtazama sote wawili, akaweka mkate chini, akaanza kulia kabla hajasema lolote, na mimi nikajua tumefika penyewe.

"Sema, Kaha," Karoya alimwambia.

"Ubao haukuwa mpya. Nani angenipa ubao mpya? Karakana ya ng'ambo walikuwa na jeneza kuukuu, la mtu mzima. Kaburi liliporomoka zamani, ndugu hawapo, hakuna anayemjua. Upande wa kichwa mchwa walishakula. Nikakata nikachukua upande wa miguu. Unamtosha mtoto."

"Umemlaza mwanangu kwenye kitanda cha mtu," Karoya akasema polepole.

"Nilimparua! Jina lake lote nililiparua, ubavuni, juu ya kifuniko, nikaandika la Tamiti. Kila mtu anafanya hivyo, Karoya, nusu ya wakubwa wamelala ndani ya majeneza ya watu!"

"Kila mahali uliparua?"

Kaha alijifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Kwenye ubao wa miguuni kuna mungu jike, Aset, amesimama, amenyoosha mikono. Maneno yako chini ya nyayo zake. Ili niyafikie ningepitisha chombo juu ya mungu mwenyewe. Nani anaweza kumparua mungu? Wewe ungeweza? Nikapaka chokaa juu yake, nikachora Aset mwingine juu ya chokaa, na jina la Tamiti."

"Na yule wa chini ya chokaa, anamlinda nani?"

Kaha aliogopa kumgusa mungu jike usoni, kwa hiyo mungu jike alikuwa amesimama palepale gizani, amemkumbatia mtu wake wa siku zote, na mtoto wetu ameingizwa kati kama mzigo. Nilitaka kumpiga Kaha na kinu. Wakati huohuo nilimwonea huruma, maana nani kati yetu angelishika patasi ile?

Asubuhi ya siku ya mapumziko tukapanda watatu. Walinzi wa njia walikuwa wapiga upinde waliomjua baba yake Karoya. Aliwaambia maneno mawili matatu ya kwao, wakageuka wakatazama kilima cha pili, na waliendelea kukitazama mpaka tulipomaliza.

Shimo lenyewe si refu. Kaha alifukua, mimi nikatoa mchanga kwa kikapu, tukalivuta jeneza hadi kwenye mwanga. Hatukulifungua, wala hatukuwa na nia hiyo. Hata bila kulifungua tuliona ya kutosha. Upande wa kichwani ulikuwa mkavu, mbao zimepasuka, rangi inabanduka magamba magamba. Upande wa miguuni ubao umevimba kwa maji. Umelowa, una utelezi, ukiugusa ni wa baridi. Maji yote aliyokuwa akijinyima yule mwanamke yalikuwa yamekwenda upande mmoja.

Na chokaa ya Kaha ilikuwa imeanguka yote. Aset wa zamani alikuwa amesimama pale na macho yake makubwa meusi, rangi mbichi kana kwamba fundi ametoka kunawa mikono. Kaha akaligusa lile andishi chini ya nyayo zake. Alipotoa kidole kilikuwa na wino.

"Nakhi," akasoma, sauti haitoki. "Nakhi, mwana wa Tuya. Mtunza zizi." Akashika patasi. "Nitamparua sasa. Mungu anisamehe, namparua na mungu wake."

Alipoweka patasi kwenye ubao, ndani ya jeneza mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha hasira. Mnakijua kile kikohozi cha mzee aliyekaa chumbani kwake, akasikia watu wanasukuma mlango, akajikohoza tu ili wajue ndani mna mtu. Kilikuwa hicho. Kaha alianguka kitako, patasi ikamtoka mkononi. Mimi mkojo ulinitoka, na sioni haya kusema, mngekuwa nyinyi mngekimbia.

Karoya hakukimbia. Alichuchumaa mbele ya ule ubao uliolowa, akautazama muda mrefu, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Aliona haya.

"Ukimparua atakwenda wapi?" akamuuliza mumewe.

"Aende anakojua!" nilijibu mimi. "Akatafute wa kwao!"

"Wa kwao hawapo, Webe. Hii ndiyo nyumba anayoijua. Sisi ndio tulioingia bila hodi, tukamlaza mtoto miguuni pake, hata jina lake hatukumuuliza." Akapangusa mchanga kwenye ubao kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mtu mguu. "Kwetu ukimkuta mzee ndani, yeye hunywa kwanza. Watoto wanangoja. Nilimfundisha hivyo Tamiti tangu hajaanza kutembea. Amekuwa akingoja zamu yake huko chini kwa adabu, na maji yanaisha kabla hayajamfikia."

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia vile siku ya maziko. Nilimwona yule paka wangu, yule mwizi asiyeambilika, amekaa kimya na midomo iliyopasuka, anangoja mzee amalize.

Kaha alibisha kidogo. "Utamtaja mgeni kwa jina? Utamlisha maji yetu? Ukishaanza huwezi kuacha, unajua."

"Nitaacha nini? Kwani nilikuwa na mpango wa kuacha?"

Tulilirudisha jeneza. Kaha hakugusa kitu, isipokuwa alichora upya jina la Tamiti kando ya lile la mzee, dogo, kwa wino uleule uliobaki kwenye kidole chake. Karoya akaweka bakuli mbili za maji juu ya mchanga. Akamimina ya kwanza: "Nakhi, mwana wa Tuya, mtunza zizi, karibu maji." Koo zito likanywa. Akamimina ya pili: "Tamiti." Tukangoja. Kisha ikasikika sauti ndogo, ya haraka, ya mtoto anayekunywa na kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Kaha aliziba uso. Karoya akasema tu, "Polepole, utapaliwa."

Tangu hapo nyumba ile ikawa na vinywa viwili zaidi vya kunyweshwa kwa fungu lilelile. Mimi ndiye niliyeumia. Kila mara ukutani: "Webe, una maji?"

"Ninayo ya mume wangu na wanangu. Yule mtunza zizi wako siyo mume wangu."

"Kata moja tu, shoga. Anakukumbuka, amesema una sauti nzuri."

"Mwambie ashike adabu yake!" Nami nampa, nikinung'unika.

Mtoto alimjia mara moja zaidi. Karoya aliniambia midomo ilikuwa laini, tumbo limejaa, na hakusema lolote. Alijilaza, akageukia ukutani, akalala. Baada ya hapo hakuja tena. Mwezi ukapita, mto ukapanda ukashuka, hakuja. Karoya alinenepa kidogo, akarudi kusaga na kutukana watoto. Lakini nilimwona asubuhi anavyotoka nje, anavyosimama kizingitini kama mtu aliyesahau kitu ndani.

"Ameshiba, mwenzangu," nilimwambia. "Wakishiba hawaji. Wanakuja wakiwa na shida tu. Ungefurahi."

"Nimefurahi," akasema.

Kisha siku moja ya mapumziko nikamwona anashuka kutoka mteremkoni, na jinsi alivyoshuka nikajua mtungi umejaa, hajamimina hata tone. Alinipita bila salamu. Akauweka ndani, akaufunika, akalala mchana kweupe, jua lote lile. Nilikaa na mawazo mabaya upande wangu wa ukuta. Jua lilipoanza kushuka nikasikia mlango. Alikuwa amesimama mbele yangu, uso unang'aa kuliko siku aliyoolewa.

"Amekuja, Webe! Amekuja, amenishika hapa!" Alinionyesha kifundo cha mkono. Kulikuwa na vumbi jeupe pale, alama za vidole vidogo.

"Amesemaje?"

"Amesema, mama nina—"

Hakulimaliza. Furaha ilibaki usoni mwake kitambo, haijui pa kwenda, kisha nikaiona ikitoka yote. Aligeuka akauchukua ule mtungi akakimbia, nami nikamfuata kwa miguu yangu hii mibovu nikimwita.

Nilimkuta amepiga magoti, ameshaumimina wote. Alikuwa akilia, "Tamiti, Tamiti, kunywa mwanangu, kunywa." Na maji yalikuwa yamesimama juu ya mchanga. Juu ya mchanga mkavu, mwaka mzima haujaona mvua, maji yamekaa yanatetemeka, hayashuki hata tone. Hakuna koo lililosikika. Karoya akaweka sikio chini, akaanza kukwaruza kwa kucha.

"Amekataa," alisema. "Webe, amenikataa."

Sijui akili ile niliitoa wapi. Nilipiga kelele, "Mzee, wewe mwanamke! Hujamtaja mzee! Atakunywaje yeye kabla ya mzee?"

Akanyanyua kichwa. Akafuta pua, akatengeneza shuka yake kifuani kama mtu anayeingia kwa wakwe, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nakhi, mwana wa Tuya, mtunza zizi, tuwie radhi, karibu maji." Maji yakashuka nusu. Akasema, "Tamiti." Nusu ya pili ikashuka haraka, mpaka mchanga ukabaki na shimo dogo.

Tulirudi tumeshikana mikono. Ile alama ya vumbi kwenye kifundo hakuifuta. Ilijifuta yenyewe, kidogo kidogo, kwa kazi za nyumbani.

Karoya aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alimzika Kaha, akanizikia mzee wangu, akazeeka akapinda mgongo, akawa mfupi kama sisi wengine. Mtoto hakumjia tena hata siku moja. Na kila siku ya mapumziko, mpaka miguu ilipokataa, alipanda pale mteremkoni akamwaga kwa mkono wake mwenyewe yale maji yaliyomzuia mwanawe kuja.